Rais na Andazi la Jamu

Msomaji, huenda umekwisha kukisikia kisa hiki, maana kimetembea sana duniani. Yasemekana kwamba tarehe 26 Juni 1963, Rais John F. Kennedy wa Marekani alisimama mbele ya halaiki ya watu wa Berlin ya Magharibi, akataka kuwaambia kwa lugha yao kwamba yeye naye ni mwenzao. Akatamka, "Ich bin ein Berliner." Kumbe, wasema wasimulizi, alitia neno moja dogo lisilotakiwa, yaani ein, na kwa kosa hilo akajitangaza kuwa ni andazi lililojazwa jamu. Umati, ati, ukaangua kicheko.

Kisa ni kitamu, na mhakiki mwadilifu hana budi kuukiri utamu wake kabla ya kukitia katika mizani. Kina mtu mkubwa, kina jambo zito, kisha kina kitu kidogo cha jikoni kinachomwangusha mkubwa yule. Ndivyo zilivyoundwa ngano zetu nyingi za sungura na tembo. Tena kimeegemea jambo la kweli, kwa kuwa andazi la jina hilo lipo. Hufanywa kwa unga wa ngano uliotiwa hamira, maziwa, mayai na sukari, likaachwa liumuke, kisha likakaangwa katika mafuta mengi. Kwa wepesi wake huelea juu juu, na ligeuzwapo hubaki na mshipi mweupe kiunoni, pale pasipofikiwa na mafuta. Likiisha kuiva huchomwa kwa mrija mwembamba na kujazwa jamu. Watu wa Austria hupenda jamu ya aprikoti. Wa Berlin huipenda ya plamu.

Lakini jina lake ni lipi? Katika sehemu nyingi za kaskazini na magharibi ya Ujerumani huitwa Berliner. Ukienda Bavaria au Austria utaambiwa ni Krapfen, na huko Hesse ni Kreppel. Mjini Berlin kwenyewe huitwa Pfannkuchen, maana yake keki ya kikaango. Ajabu zaidi ni kwamba mahali pengi kwingineko Ujerumani Pfannkuchen si andazi hata kidogo, bali ni mfano wa chapati nyembamba ya mayai. Na chapati hiyo watu wa Berlin wana jina lao jingine. Wajerumani hubishana juu ya majina hayo kwa furaha kubwa, kama vile mtu wa Mombasa abishanavyo na mtu wa bara juu ya mahamri na mandazi. Yule wa pwani atataja tui la nazi na iliki, na kuapa kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Huyu wa bara ataendelea kula, asijali.

Basi tazama ubishi huo unavyokivunja kisa chetu. Waliomsikiliza Kennedy siku ile walikuwa watu wa Berlin, yaani watu ambao kwao neno Berliner halikuwa jina la kawaida la andazi. Mcheshi aliyetunga mzaha huu alichukua jina linalotumika penginepo, akalitia katika masikio ya watu wasiolitumia.

Na hilo neno ein, je, lilikuwa kosa? Mjerumani akitaka kusema kwamba amezaliwa Berlin au anakaa huko, husema "Ich bin Berliner," bila ya ein. Lakini akitaka kusema kwa mfano, kwamba ingawa si mzaliwa wa mji ule, moyo wake u pamoja na watu wake, basi ein lafaa, na pasipo hilo maneno yangekuwa uongo mtupu, maana kila mtu alijua kwamba Kennedy ametoka Marekani. Mtaalamu wa lugha Jürgen Eichhoff alilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1993. Matamshi ya Rais yalikuwa ya kigeni, kweli. Aliyaandika maneno yale kwenye kadi kwa namna yanavyosikika katika sikio la Mwingereza. Sarufi yake ilikuwa sawa.

Tuseme hata hivyo kwamba neno lina maana mbili. Mama akikuambia, "Niletee mbuzi tukune nazi," je, utakwenda zizini? Neno husikika pamoja na mahali na saa na uso wa msemaji. Wenye kusimulia kisa hiki hukata sentensi moja wakaacha hotuba nzima, nami naona huo ni usomaji mbaya.

Kicheko je? Kilikuwapo, ila sababu yake ni nyingine. Mkalimani aliyarudia maneno yale ya Kijerumani, na Kennedy akamshukuru kwa kumfasiria Kijerumani chake. Hapo watu wakacheka, wakicheka pamoja naye. Mwisho wa hotuba aliyasema tena maneno yale yale, wakamshangilia kwa kishindo.

Mzaha wa andazi ulipata nguvu miaka mingi baadaye. Unaonekana katika riwaya ya Len Deighton iitwayo Berlin Game, ya mwaka 1983, na mwaka 1988 makala katika New York Times yaliusimulia kama habari ya kweli. Kufikia hapo Kennedy alikuwa amekufa zamani, na wengi wa waliocheka hawakujua Kijerumani.

Kinachonikera ni kile ambacho andazi limekifunika. Ukuta wa Berlin ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, ukatenga ndugu na ndugu, na watu waliuawa wakijaribu kuuvuka. Umati ule ulikuwa umekaa karibu miaka miwili kando ya ukuta, ukihofu kwamba wakubwa wa dunia watausahau. Uliposikia mgeni akijihesabu miongoni mwao, ulipiga kelele za kupata tumaini. Msimulizi wetu huwanyang'anya watu hao tumaini lao, akawapa jamu.

Mfasiri wa Kiswahili hupata taabu na kisa hiki, kwa kuwa ngeli zetu hazikubali mchezo wake. Mtu wa Mvita ni Mmvita, na kitu cha huko ni cha Kimvita. Mkate hauwezi kujifanya mtu.

Mjini Berlin, usiku wa kuamkia mwaka mpya, maandazi haya huliwa kwa wingi, na wenye utani hujaza moja haradali badala ya jamu, wakalichanganya na mengine. Mzaha huo wenyeji huucheka sana. Asubuhi yake dukani huagiza Pfannkuchen.