Diski Asiyoigusa

Kwa mafundi wengi wa kompyuta wa Darajani, Zanzibar, kazi ni "kupiga windo", yaani kusakinisha Windows: kompyuta unaiacha asubuhi, adhuhuri unaichukua. Fundi ninayempenda mimi amejibanza uchochoroni, na haraka hiyo hana. Siku niliyomkuta, binti anayesoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, alimletea laptopu na diski ya nje. Alitaka mfumo wa Ubuntu kwenye hiyo diski ya nje.

"Mashine yako, mwanangu?"

"Ya kaka. Amesema Windows yake isiguswe."

"Basi haiguswi."

Nilidhani atachomeka flashi. Akachukua bisibisi. Alichora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu aliyoitoa akaidunga mahali pake katika mchoro, maana ndefu na fupi hazibadilishani matundu. Kisha akaing'oa diski ya ndani, akaitia katika mtoto wa meza.

Ana sababu. Programu ya kusakinisha Ubuntu imejulikana kwa miaka kuwa na tabia mbaya: hata ukiielekeza diski ya nje, faili la kuwashia huweza kulipeleka ndani, kwenye sehemu ile ile inayotumiwa na Windows. Siku hiyo huoni kasoro. Kesho yake binti yuko chuoni na diski yake, kaka anawasha mashine nyumbani, kioo kinabaki cheusi na maneno mawili matatu ya Kiingereza. Wapo wanaosema ukibofya kwa uangalifu inatosha. Yeye anaamini mtoto wa meza.

Halafu akasubiri betri ijae. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini ulikatika, Unguja ikakaa kiza miezi mitatu. Aliyeyaona yale haiamini soketi ya ukutani. Na diski ya nje hunywa umeme wa laptopu yenyewe.

Ndipo akachomeka flashi, na diski ya nje akaigawa: kipande kidogo cha FAT32, ambacho kompyuta hukisoma kabla mfumo wowote haujaamka, na kilichobaki chote ext4. Usakinishaji ulikula vikombe viwili vya kahawa. Ulipomalizika, akafungua kile kipande kidogo kutazama kama faili la kuwashia, BOOTX64.EFI, limo kwenye folda ya BOOT. Huko ndiko mashine huchungulia inapopewa diski ngeni. Faili likiwa katika folda ya Ubuntu peke yake, diski itaamkia kwenye kompyuta iliyosakinishiwa tu, kwa kuwa ndiyo inayolikumbuka. Hakuridhika na macho. Akaichomeka kwenye kompyuta kuukuu ya dukani. Ikaamka.

Akarudisha diski ya ndani, skrubu moja moja kutoka kwenye karatasi. Akawasha, diski ya nje ikiwa mkononi mwa binti. Windows ikaja na picha ya kaka mtu, kama ilivyoachwa.

Binti alishafungua pochi.

"Subiri," fundi akasema. Akaizima, akaiwasha tena.