Boma la Arusha: Jiwe Linaposhuhudia

Nabii Habakuki, katika sura ya pili, anamwonya mtu anayejenga kwa dhuluma: mawe ya nyumba yake yenyewe yatamshtaki. Kwa jicho hilo tulitazame Boma la Arusha, jengo la mawe la Wajerumani ambalo tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Ukimuuliza fundi, atasema kazi ni nzuri. Kuta ni nene, zimepakwa chokaa nyeupe, na majengo yamepangwa kuzunguka ua. Limesimama tangu 1900. Lakini umbo lake latangaza nia yake. Ni ngome: limeelekea ndani, kwa askari, na mtu wa nje huonyeshwa ukuta tu. Mbele ya nyumba za miti, udongo na nyasi za Waarusha na Wameru wa siku zile, ukuta huo ulitosha kutisha.

Nani walibeba mawe? Oktoba 1896, wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri. Vikosi vya Kapteni Kurt Johannes vikaja kulipiza kisasi, vikachoma nyumba na kuteka mifugo. Kisha watu haohao walioshindwa wakalazimishwa kujenga Boma. Majina ya wabebaji hatuyajui. Chokaa imefunika mawe, na mikono iliyoyabeba imefunikwa pamoja nayo.

Hapa jambo linatugusa sisi Walutheri. Ovir na Segebrock walitumwa na Misioni ya Leipzig, iliyotuletea Injili. Kituo cha Nkoaranga kilianza 1902 na Ilboru 1904, Boma likiwa limekwisha kusimama. Wazee wetu waliipokea Injili kwa imani ya kweli, nasi tunamshukuru Mungu. Hata hivyo waliisikia mara ya kwanza wakiwa kivulini mwa ukuta ule, na historia ya kanisa letu isiyotaja kivuli hicho imepungukiwa.

Leo Ngaramtoni na vijiji vyake tunajenga makanisa ya mawe kwa michango yetu wenyewe. Ni baraka kubwa. Basi tujiulize kama Habakuki. Je, mjane aliyeshindwa kumaliza ahadi yake anaaibishwa mbele ya washarika? Je, kibarua anaambiwa asubiri ujira wake kwa kuwa kazi ni ya Mungu? Jengo laweza kunyooka kwa timazi na bado likawa limepinda mbele za Bwana.

Kabla ya siku ya kuweka wakfu, wazee wa kanisa wakae na daftari la mafundi na vibarua, wahakikishe kila mmoja amelipwa. Hapo mawe yetu nayo yatashuhudia, na hatutakuwa na sababu ya kuogopa ushahidi wao.