Utu wa Kale na Tatizo la Usimulizi: Toba, Kujisalimisha na Tumaini katika Fasihi ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki wameishughulikia dini ya Kikristo kwa njia mbili kuu. Wapo walioitazama kama chombo cha ukoloni kilichotumiwa kuwalainisha Waafrika, na wapo walioitazama kama ghala la majina na taashira ambamo mwandishi huchota apendavyo. Njia zote mbili zina manufaa. Hata hivyo, zote mbili huliruka swali ambalo Mkristo mwenyewe huliona kuwa kiini cha maisha yake: yawezekanaje mtu akauacha utu wake wa kale, akajiweka mikononi mwa Mungu, na bado akabaki mtu yule yule anayeweza kuisimulia habari hiyo?

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kama suala la lugha na la usimulizi. Dai letu ni kwamba kuuacha utu wa kale ni tukio linalosimulika kwa urahisi, ilhali kumtumainia Mungu ni hali inayokataa kugeuzwa kuwa tukio. Pengo lililopo kati ya mambo haya mawili ndilo linaloipa fasihi ya toba uzito wake. Mwandishi au shahidi anayeliziba pengo hilo kwa haraka hutupa hadithi ya kupendeza isiyosadikika.

Istilahi na mzigo wake

Tuanze na istilahi yenyewe. Katika Tafsiri ya Muungano ya Biblia, iliyotolewa nzima mwaka 1952, nyaraka za Paulo kwa Warumi na kwa Wakolosai zinazungumzia utu wa kale. Kigiriki cha Paulo kinasema mtu wa kale. Watafsiri wakachagua nomino dhahania, utu. Uamuzi huo una athari kubwa. Katika matumizi ya Waswahili, utu si hali ya kuwa binadamu tu, bali ni sifa ya juu kabisa ambayo binadamu anaweza kusifiwa kwayo. Asiye na utu ameporomoka akawa sawa na mnyama. Hivyo basi msomaji wa Kiswahili anaagizwa auvue utu, kitu ambacho wazee wake walimwagiza akishike asikiachie kamwe.

Ni sadfa ya kuvutia kwamba mwaka huo huo wa 1952 ulichapishwa Adili na Nduguze wa Shaaban Robert. Humo, ndugu wawili waovu, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani kwa sababu ya hiana waliyomtendea ndugu yao, na wokovu wao ni kurejeshewa umbo la kibinadamu. Kwa Shaaban Robert, dhambi humpotezea mtu utu wake, na toba humrudisha alikotoka. Kwa Paulo wa Kiswahili, dhambi imo ndani ya utu wenyewe kama ulivyo, na toba haimrudishi mtu popote. Humpeleka mahali ambapo hajawahi kufika. Mhakiki asiyeziona falsafa hizi mbili zikigongana ndani ya neno moja atashindwa kueleza kwa nini msomaji wa kawaida huona fahari na hofu kwa pamoja anaposikia mahubiri ya kuzaliwa upya.

Vitenzi navyo vina mengi ya kutufunza. Kitendo cha kuuacha utu wa kale kinaelezwa kwa sitiari ya vazi: kuvua na kuvaa. Vitenzi hivi viwili ni vya shina moja, -vua ikiwa ni kauli ya kutendua ya -vaa. Kisarufi, anayevua anakitangua kile alichokuwa amekifanya. Ina maana kwamba utu wa kale ulivaliwa, haukuwa ngozi. Sitiari hii inapunguza makali ya istilahi, kwani inamwachia mtu kitu chini ya vazi ambacho ndicho kitakachovikwa upya.

Neno kujisalimisha, kwa upande wake, linaleta utata wa aina nyingine. Kiambishi -ji- kinamfanya mtu kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Ni nani basi anayemsalimisha nani? Ikiwa nafsi ya zamani ndiyo inayojitoa, basi bado ndiyo inayotawala tendo, na huenda ikajisifu kwa kujitoa kwake. Tena kuna kuokoka. Hii ni kauli ya kutendeka, isiyomtaja mtendaji. Anayesema ameokolewa analazimika kuwa tayari kujibu ameokolewa na nani. Anayesema ameokoka anaweza kuliepa swali hilo. Hatusemi kwamba waumini wanalitumia neno hili kwa hila. Tunasema kwamba sarufi inawapa nafasi ya kuutaja wokovu kama sifa yao, wakati imani yao inawafundisha kwamba ni kazi ya Mungu.

Ushuhuda kama utanzu

Utanzu uliolibeba suala hili kwa miongo mingi ni ushuhuda wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Vuguvugu hili lilichipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya mwisho ya 1920 na ya mwanzo ya 1930, kituo cha Gahini kikiwa na nafasi ya pekee, na mwaka 1937 lilikuwa limefika Kabete nchini Kenya. Wafuasi wake waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka. Wahakiki wa fasihi simulizi wameandika mengi kuhusu ngano, majigambo na nyimbo za jando, lakini ushuhuda, ambao umesikika kila juma vijijini na mijini, haujapewa nafasi inayoustahili.

Muundo wa ushuhuda unafahamika: nilivyokuwa, nilivyokutana na Bwana, nilivyo sasa. Hapa ndipo tatizo la usimulizi linapojitokeza. Sehemu ya kwanza ina wahusika, migogoro, pombe, wizi, ugomvi wa mashamba. Ina kila kinachohitajika na msimulizi. Sehemu ya tatu haina tukio. Matokeo yake ni kwamba utu wa kale, unaodaiwa kufa, ndio unaopewa maneno mengi zaidi, na kila unaposimuliwa huamka tena mbele ya hadhira. Si ajabu msimulizi mwenye kipaji akajikuta anainogesha dhambi yake ili neema ionekane kubwa.

Waumini wa Uamsho walilitambua jambo hili mapema, ingawa hawakulieleza kwa lugha ya uhakiki. Walisisitiza kutembea nuruni, yaani kuungama mbele ya wenzao si dhambi za zamani tu bali pia za juma lile: hasira aliyomwonyesha mke wake, wivu aliouhisi kwa jirani. Kifasihi, desturi hii inauvunja muundo wa sehemu tatu. Haimruhusu msimulizi akae mwishoni mwa hadithi yake akiitazama kwa raha. Mtakatifu Augustino alifanya jambo linalofanana na hili katika Maungamo yake. Baada ya kusimulia katika vitabu tisa vya mwanzo maisha yake na uongofu wake uliotokea Milan mwaka 386, anageuka katika kitabu cha kumi na kuchunguza alivyo wakati anapoandika, askofu ambaye bado anajaribiwa. Kitabu hicho cha kumi, kisicho na kisa, ndicho kinachotufanya tuvisadiki vile tisa.

Tumaini la watu hao wa Uamsho lilipimwa wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, iliyodumu tangu 1952 hadi 1960. Wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi walikataa vilevile kuchukua silaha za serikali. Baadhi waliuawa. Mtu anaweza kuuhukumu uamuzi wao kisiasa apendavyo, lakini hawezi kuuita maneno matupu. Hapa kujisalimisha kulipata kile ambacho ushuhuda wa mdomo hauna: gharama inayoonekana.

Wahusika watatu

Riwaya zetu zimelikabili suala hili kwa ujasiri kuliko inavyodhaniwa. Katika The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Joshua ameyatupa yote ya kale, na kwake ya kale ni mila nzima ya Wagĩkũyũ. Binti yake Muthoni anaamua kutahiriwa huku akishikilia kwamba bado ni wa Yesu. Anakufa kutokana na jeraha. Swali analoliacha ni zito: nani aliye na mamlaka ya kutaja kipi ni utu wa kale? Joshua amechanganya dhambi na asili. Ameivua jamii yake, lakini ukali, kiburi na ubabe wake amebaki navyo. Kwa hakika amevipa vazi jipya. Hata hivyo riwaya haimpi Muthoni ushindi rahisi. Mwili wake unalipa gharama ya mila aliyotaka kuiunganisha na imani yake.

Katika A Grain of Wheat (1967), ambayo jina lake linaelekeza kwenye mbegu isiyozaa pasipo kufa kwanza, Mugo anasimama mbele ya umati katika sherehe za uhuru na kukiri kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika. Ni kitendo kamili cha kuvua. Kwa muda mfupi anauhisi wepesi ambao hajawahi kuujua. Lakini hakuna anayemvika. Umati unanyamaza na kutawanyika, na hatimaye anapelekwa kuhukumiwa na kuuawa. Ngũgĩ anatuonyesha ungamo lililobaki uchi, toba isiyo na msamaha wa kuipokea.

Rosa, katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ni kinyume cha Mugo. Jina lake ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, na kinaya hicho kinamwandama. Baada ya kulelewa chini ya ukali wa Zakaria na kuporomoka alipopata uhuru, Rosa anabadilika kweli kweli. Anavaa mwenendo mpya, lakini hana mtu wala jamaa ambamo anaweza kuuvua ule wa zamani kwa usalama. Mchumba wake anapogundua kwamba si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Kosa si kwamba hakutubu. Kosa ni la jamii ya Kikristo inayohubiri utu mpya huku ikihifadhi kumbukumbu ya ule wa kale, hasa ukiwa wa mwanamke.

Hitimisho

Tukiwaweka wahusika hawa watatu pamoja, tunaona kwamba hakuna hata mmoja anayeangamia kwa kukosa nia ya kubadilika. Wanaangamia kwa kukosa mahali pa kuegemea. Neno la Kiswahili kutegemea linabeba picha hiyo hiyo ya mwili unaoegemea kitu kingine. Asiyeegemea hajui kama ukuta utamhimili; na aliyekwisha kuegemea hana tukio la kusimulia, ana ukuta tu. Hii ndiyo sababu tumaini halina kisa, na ndiyo sababu riwaya hulionyesha vizuri zaidi kwa njia ya ukosefu wake.

Uhakiki unaoiona toba kuwa ulaghai wa kitabaka utawasoma Joshua na Zakaria vizuri, lakini utakuwa na machache ya kusema juu ya Mugo anapoinuka kusema ukweli ambao hakuna aliyemlazimisha kuusema. Uhakiki wa kichungaji nao utafurahia ungamo lake na kulisahau lile lililofuata. Tunapendekeza usomaji unaouliza maswali mawili kwa kila kisa cha uongofu: ni nini hasa kilichovuliwa, na ni nani aliyekuwapo kumvika aliyevua? Kazi inayoweza kuyajibu yote mawili ni adimu, katika fasihi andishi na katika ushuhuda unaotolewa makanisani.