Tusimsahau Konstebo: Uhakiki wa Filamu ya Fiddler on the Roof

Kazi ya sanaa haiwi na maana moja kwa watu wote. Maana yake hutegemea mtazamaji amesimama upande gani. Kwa hiyo kada anapoikumbuka filamu aliyoipenda hana budi kujiuliza: ninamkumbuka nani, na ninamsahau nani?

Tunalisema hili kutokana na mazungumzo ya hapa Mpanda. Wako ndugu wa rika letu ambao wakikutana jioni huikumbuka Fiddler on the Roof, filamu ya mwaka 1971 iliyoongozwa na Norman Jewison. Tuliiona tukiwa vijana, kwa mkanda wa video, jenereta likinguruma nje ya ukumbi. Yanayokumbukwa ni yale yale: mpiga zeze juu ya paa; Tevye muuza maziwa akiukokota mkokoteni mwenyewe kwa kuwa farasi wake anachechemea; binti zake; harusi ya usiku yenye mishumaa. Ndugu hao huguna na kusema kwamba watu wa zamani walipendana. Mazungumzo huishia hapo.

Hatuwalaumu. Kwa upande wa fani filamu hii imefaulu. Imewaonyesha maskini wa kijiji cha Wayahudi bila kuwadharau. Tunaona jinsi mali inavyotaka kuamua ndoa: Lazar Wolf, muuza nyama mwenye uwezo, ameahidiwa binti ambaye moyo wake uko kwa Motel, fundi cherehani asiye na kitu. Wala filamu haikuficha kosa la baba. Binti wa tatu, Chava, anapoolewa na kijana asiye Myahudi, Tevye anamkana. Mila ni paa la kujikinga mvua, na papo hapo ni ukuta wa kumfungia mtu nje.

Lakini kumbukumbu tamu ina kasoro kubwa: inaking'oa kijiji kutoka katika historia. Anatevka ni kijiji cha kubuni, kilichotokana na hadithi za Sholem Aleichem, ila hali yake ilikuwa ya kweli. Tangu mwaka 1791 dola ya Urusi iliwazuia Wayahudi kuishi nje ya eneo walilotengewa upande wa magharibi, na sheria za 1882 zikawakataza kufanya makazi mapya vijijini. Mwandishi huyo mwenyewe aliihama Kiev baada ya mashambulizi dhidi ya Wayahudi mwaka 1905.

Huo ndio mwaka wa kisa cha filamu. Kwetu sisi 1905 ni mwaka wa Maji Maji. Na miaka miwili kabla yake serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi sehemu ya Uasin Gishu, katika nchi ambayo leo ni Kenya, bila kuwauliza wenyeji. Mkutano Mkuu wa Wazayuni uliikataa ardhi hiyo mwaka 1905. Anayefukuzwa kwake apewe ardhi ya anayenyang'anywa kwake: hiyo ndiyo hesabu ya ubeberu. Amri huandikwa mbali, na hutekelezwa na mtu wa karibu.

Mtu huyo wa karibu yumo ndani ya filamu, na ndiye asiyekumbukwa: konstebo wa kijiji. Si katili wa kuzaliwa. Anamwamkia Tevye kwa heshima, anampongeza kwa uchumba wa binti yake, hata anamnong'oneza kwamba kutakuwa na vurugu kidogo zilizoagizwa na wakubwa. Kisha anakuja na watu wake kuivuruga harusi, huku akisikitika. Mwishoni anarudi na karatasi: siku tatu, uzeni nyumba zenu mwondoke. Bado anasikitika. Masikitiko yake hayakumwokoa mtu hata mmoja.

Hapa ndipo filamu yenyewe ilipopungukiwa. Inaileta amri ile kama mvua ya mawe, haionyeshi nani ananufaika nayo. Perchik, mwanafunzi mwanamapinduzi ambaye angeweza kutufafanulia, anakamatwa na kupelekwa Siberia, na tangu hapo anabaki kuwa mchumba tu. Kwa hiyo mtazamaji hutoka akiwa na machozi, lakini hana swali.

Sisi wa Katavi hatuna udhuru wa kukosa swali. Katumba na Mishamo zilijengwa na watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Ndugu hao walifyeka pori wakaligeuza mashamba. Walipokubaliwa kuomba uraia, utaratibu wa awali uliwataka wayahame makazi hayo na kutawanyika katika mikoa mingine. Baadaye mpango huo uliachwa, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014. Tunaona ulikuwa uamuzi wa busara. Karatasi inaweza kurekebishwa, iwapo wako watu wanaopeleka juu taarifa ya kweli kutoka chini.

Tujikosoe pia. Mwaka ule ule wa filamu, 1971, Mwongozo wa TANU uliwakemea viongozi wababe na wenye kudharau watu. Hata hivyo, katika Operesheni Vijiji ya 1974, kuna mahali wananchi walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa. Waliotekeleza hawakuwa Wazungu wala maofisa wa mfalme wa Urusi. Walikuwa wenzetu, na bila shaka baadhi yao walisikitika.

Ndugu wanafunzi, kila mtazamaji hupenda kujiona ndani ya Tevye. Ni rahisi, kwa kuwa Tevye ameonewa na anaimba vizuri. Lakini kada ameshika karatasi. Mpaka wa hifadhi ukisogezwa au mnada ukihamishwa, yeye ndiye atakayetumwa kuwasomea watu habari hiyo. Basi filamu hii ionyeshwe tena katika madarasa yetu, na mjadala uanze pale wanapoishia wazee wetu wa jioni: konstebo alipoipokea ile karatasi, kabla hajaivuka ile barabara ya matope, alipaswa kufanya nini?