Runinga Janja na Makufuli Yake

Udhibiti wa wazazi katika runinga janja, yaani mipangilio inayomzuia mtoto kuona vipindi visivyolingana na umri wake, hueleweka vizuri zaidi unapotazamwa kama kazi ya vitu viwili vinavyotegemeana: lebo na msomaji wa lebo. Lebo ni taarifa ya umri iliyoambatanishwa na kipindi, na msomaji ni kifaa au programu inayoisoma taarifa hiyo, ikailinganisha na kiwango alichoweka mzazi, kisha ikaruhusu kipindi kionekane au ikadai namba ya siri. Penye lebo pasipo na msomaji, au penye msomaji pasipo na lebo, hakuna kizuizi chochote, hata kama skrini inaonyesha alama ya kufuli. Ndiyo sababu mzazi anaweza kuifunga runinga kwa uangalifu mkubwa, akaamini kazi imekwisha, na bado mtoto wa miaka 6 akafika asikotakiwa kufika bila kuvunja chochote.

Utaratibu huu ni mkongwe kuliko runinga za intaneti. Nchini Marekani, sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilileta kifaa kidogo kilichoitwa V-chip, na kuanzia Januari 2000 kila televisheni mpya yenye kioo cha inchi 13 au zaidi ilipaswa kuwa nacho. Matangazo ya dijitali ya Afrika Mashariki, yanayofuata kiwango cha DVB, yana njia inayofanana na hiyo: pamoja na picha na sauti, kituo hurusha pia taarifa za ratiba, na ndani ya taarifa hizo panaweza kuwekwa herufi tatu za nchi na namba moja ya umri. Namba hiyo haichukuliwi kama ilivyo, bali huongezwa 3, hivyo kipindi chenye namba 13 kinakusudiwa watu wa kuanzia miaka 16, na chenye 15 ni cha kuanzia miaka 18. Namba ikiwa 0, maana yake umri haukutajwa, na runinga haina msingi wa kukizuia kipindi hicho. Kwa hiyo nguvu ya kufuli iliyomo sebuleni hutegemea kwanza kama mtumishi wa kituo, kilomita nyingi kutoka hapo, aliijaza nafasi ile au aliiacha tupu. Kenya ina kanuni zinazotaka vipindi vya kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku viwafae watazamaji wa familia nzima, na bodi yake ya uainishaji wa filamu hutumia alama GE kwa rika zote, PG kwa mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Hata hivyo, alama iliyochorwa juu ya picha husomwa na jicho la mzazi, si na mashine.

Hapo ndipo king'amuzi kinapobadilisha hesabu nzima. Katika nyumba nyingi vituo haviingii kwenye runinga moja kwa moja kutoka kwenye antena, bali hupita kwenye king'amuzi kilichounganishwa kwa waya wa HDMI, na waya huo huipelekea runinga picha na sauti zilizokwisha kufunguliwa, bila ile namba ya umri. Mzazi anayeweka kiwango cha miaka 13 katika mipangilio ya runinga anakuwa amemweka mlinzi kwenye lango ambalo hakuna apitaye, kwa kuwa msomaji wa lebo sasa ni king'amuzi. Kazi hiyo inapaswa kufanywa kwa rimoti ya king'amuzi chenyewe, ndani ya menyu yake ya wazazi, na jambo la kwanza liwe kubadilisha namba ya siri iliyotoka kiwandani, ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234 na imechapishwa katika kitabu cha maelekezo ambacho mtoto yeyote ajuaye kusoma anaweza kukifungua.

Upande wa intaneti unadai uangalifu zaidi, kwa sababu kila programu ya video ina lebo zake na msomaji wake, na hazishirikiani. Mfano unaofaa kuchambuliwa ni runinga za mfumo wa Google TV, ambazo tangu mwaka 2021 zinamruhusu mzazi kufungua wasifu wa mtoto, yaani sehemu ya runinga yenye jina lake, skrini yake ya mwanzo na programu zile tu alizochaguliwa. Mzazi huanza kwenye picha ya akaunti iliyoko pembeni mwa skrini, akaongeza mtoto, akathibitisha kwa akaunti yake mwenyewe, kisha akateua programu moja moja. Baada ya hapo huweka ukomo wa muda kwa siku na saa ya kulala. Muda ukiisha, skrini hufungwa, na ni mzazi pekee awezaye kuongeza dakika. Hatua inayosahaulika ndiyo iliyo muhimu kuliko zote: kuufunga wasifu wenyewe kwa namba ya siri, ili mtoto asiweze kutoka humo. Bila hatua hiyo wasifu wa mtoto ni chumba kilichopambwa vizuri kisicho na mlango, kwani kubonyeza rimoti mara chache kunatosha kumrudisha kwenye skrini ya baba au mama.

Kasoro iyo hiyo hujirudia ndani ya Netflix. Wasifu wa mtoto huko huonyesha filamu za kiwango cha umri kilichowekwa, lakini programu inapofunguliwa huuliza nani anatazama, na picha za wenye nyumba wote hupangwa mstari mmoja. Mtoto hahitaji ujuzi wowote kusogeza rimoti hatua moja kulia. Tangu Aprili 2020 kila wasifu unaweza kufungwa kwa namba ya tarakimu nne, na wanaopaswa kufungiwa ni watu wazima: wasifu wa mtoto ubaki wazi, wa wengine wote udai namba. YouTube Kids, iliyoanzishwa mwaka 2015, hugawa watoto katika makundi matatu, la miaka 4 na chini, la 5 hadi 8, na la 9 hadi 12, lakini mgawanyo huo hutegemea sana uchujaji wa kompyuta, ambao hupitiwa. Kwa mtoto mdogo ni bora kutumia chaguo la kuonyesha video na chaneli zilizoidhinishwa na mzazi pekee, ingawa humgharimu mzazi jioni nzima ya kuchagua. Ikumbukwe pia kwamba hali ya udhibiti ya YouTube ya kawaida huwekwa kifaa kwa kifaa, hivyo kuiwasha kwenye simu hakuiwashi kwenye runinga.

Kuna njia nyingine ambazo hazina lebo kabisa. Flashi iliyojazwa filamu dukani hubeba mafaili yasiyo na taarifa ya umri, na simu ya binamu aliyekuja likizo, ikiakisiwa kwenye runinga, huleta picha ambayo runinga haijui ni ya nini. Hapa kupima umri hakuwezekani, na kinachobaki ni kufunga njia yenyewe: baadhi ya runinga za Android zina sehemu ya kuzuia matundu ya kuingizia waya, na programu ya kusoma flashi inaweza kuachwa nje ya wasifu wa mtoto.

Ruta nayo husaidia, mradi isidaiwe kuliko uwezo wake. Kila runinga inapotafuta tovuti huuliza kwanza huduma ya DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, na zipo huduma za bure zinazokataa kujibu maswali kuhusu tovuti za ngono, kama ile ya Cloudflare yenye anwani 1.1.1.3 iliyoanza mwaka 2020. Huduma hiyo huliona jina la tovuti tu, haioni kilichomo ndani. Inaweza kufunga tovuti nzima, lakini haiwezi kutenganisha video moja ya YouTube na nyingine. Tena, runinga inayopata intaneti kwa bando la simu haipiti kwenye ruta hata kidogo, na anwani iliyoandikwa ndani ya runinga kwa mtandao mmoja haiifuati inapohamishiwa mtandao mwingine.

Baada ya yote haya, uimara wa kazi hukaa katika tarakimu nne na watu wanaozijua. Namba huandikwa kwa rimoti mbele ya skrini kubwa, mara nyingi kwa kusogeza alama juu ya tarakimu zilizopangwa, na mtoto aliyeketi kwenye mkeka huiona safari yote ya alama hiyo hata kama tarakimu zenyewe zimegeuzwa vitone. Iandikwe akiwa chumba kingine, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumba hiyo, na ya king'amuzi isifanane na ya runinga. Dada wa kazi anayeshinda na watoto asiachwe njia panda: ama apewe namba pamoja na maelezo ya sababu zake, ama wasifu wa mtoto upangwe vizuri kiasi kwamba hataihitaji kutwa nzima, maana asiyejua lolote ndiye atakayeombwa na watoto kila saa. Unabaki mlango mmoja ambao hakuna mpangilio wa programu unaouziba kabisa, nao ni kuirudisha runinga katika hali ya kiwandani, jambo linalowezekana katika aina nyingi kwa vitufe vilivyo kwenye runinga yenyewe. Kitendo hicho hufuta makufuli yote, lakini hufuta pia akaunti zote zilizokuwemo. Hivyo mzazi akiikuta runinga imerudi kwenye skrini ya kuchagua lugha, na kila programu inaomba nywila upya wakati hakuna mtu mzima aliyeigusa, anajua tayari ni mlango upi uliotumika.