Soni, Haya na Haji: Kumsoma Ruth Benedict Kutoka Kakamega

1.0 Utangulizi

Kitabu cha Ruth Benedict, The Chrysanthemum and the Sword, kilichotolewa mwaka 1946, kingali kinatajwa kila panapojadiliwa maadili ya Wajapani. Makala hii inadai kwamba kitabu hicho kina nguvu kinapochambua deni la wema, lakini kinateleza kinapozigawa tamaduni katika mafungu mawili: zile za aibu na zile za hatia. Kuteleza huko hudhihirika zaidi kikisomwa na msomaji wa Kakamega, ambaye lugha zake zimehifadhi neno soni. Suala hili haliwahusu Wajapani peke yao. Mizani inayosema kuwa dhamiri ya Mjapani iko machoni pa jirani humweka katika kapu hilohilo kila aliyelelewa kuona haya. Msomaji akiikubali mizani hiyo kwa Mjapani, atakuwa ameikubali dhidi ya nyanya yake mwenyewe.

2.0 Mazingira ya Utafiti

Benedict alikabidhiwa kazi ya kuwachunguza Wajapani mwezi Juni 1944, wakati Marekani ilipokuwa vitani nao. Hakufika Japani. Alitegemea mahojiano na Wajapani waliokuwa Marekani, filamu, riwaya na maandishi ya watangulizi wake. Lengo la serikali iliyomtuma lilikuwa kutabiri mwenendo wa adui.

Upande wa Magharibi mwa Kenya, Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti wake miongoni mwa Walogoli na Wabukusu katika miaka ya 1930, wakati Kakamega ilikuwa makao ya utawala wa wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini. Matokeo yake, The Bantu of North Kavirondo, yalichapishwa katika majuzuu mawili, 1949 na 1956. Wagner alikaa na watu aliowaandika, na kwa hilo ana sifa ambayo Benedict hana. Hata hivyo, jina la Kavirondo halikuwa la wenyeji, na katika miaka hiyohiyo wenyeji walikuwa wakijikusanya chini ya jina jipya la Abaluyia. Kwa hiyo, kuwepo uwandani hakumhakikishii mtafiti kuwa “watu” anaowaeleza ni kitu kilichokwisha kukamilika. Dosari hiyo Wajapani waliiona mapema kwa Benedict. Mwaka 1950 mwanafalsafa Watsuji Tetsurō alilalamika kwamba mawazo ya kikundi cha wanajeshi yalichukuliwa kuwa mawazo ya Wajapani wote.

3.0 Deni la Wema

Sehemu bora ya kitabu ni uchambuzi wa on na giri. On ni wema ambao mtu hutwishwa, hata bila kuuomba, na ambao humfanya mdaiwa. Giri ni malipo yenye kipimo, ambayo mtu huyatoa kwa kadiri ya alichopokea, hata kama moyo wake hautaki. Benedict anaonyesha kwa ustadi kwamba kupokea ni jambo zito, na kwamba shukrani inaweza kuambatana na uchungu.

Tatizo ni kuwa anayachukulia haya kuwa fumbo la Wajapani. Mfano wa matanga unatosha kulipinga dai hilo. Katika msiba wa Kijapani, waombolezaji huleta kōden, yaani fedha za rambirambi. Majina na viwango huandikwa, na baadaye wafiwa hurudisha zawadi ya sehemu ya thamani yake. Katika matanga ya Kakamega, daftari huwekwa mezani, jina na kiasi huandikwa, na familia hulihifadhi. Mwaka ukipita na msiba ukahamia kwa aliyechanga, daftari hilo hukumbukwa. Aliyesaidiwa akakosa kutokea ataambiwa kuwa shukrani ya punda ni mateke.

Mifano hii miwili inafanana lakini si sawa. Mjapani huanza kurudisha mapema, kana kwamba deni lisiachwe likalala. Mfiwa wa Kakamega hungoja msiba wa mwenzake, na kungoja huko ndiko kunakowafunga pamoja. Tofauti, basi, haiko katika kuwepo au kutokuwepo kwa deni. Iko katika muda linaloruhusiwa kudumu. Hilo Benedict hakuweza kuliona kwa sababu alimlinganisha Mjapani hasa na Mmarekani.

4.0 Aibu Isiyo na Hadhira

Kwa mujibu wa Benedict, utamaduni wa aibu hutegemea adhabu ya nje, ilhali utamaduni wa hatia hutegemea dhamiri ya ndani. Lakini yeye mwenyewe anakiri kuwa hadhira inayomwaibisha mtu yaweza kuwa ya kuwaziwa tu. Kukiri huku kunaibomoa hoja yake: hadhira ikishahamia akilini, mpaka baina ya nje na ndani umetoweka.

Kiswahili hakikuhitaji nadharia ili kulitambua hili. Mtu huona haya, lakini hupatwa na aibu. Haya aghalabu hutangulia tendo na kulizuia. Aibu hulifuata na kuliadhibu. Ndiyo maana “hana haya” ni tusi linalogusa tabia, wala si taarifa ya kosa lililofichuka. Methali nayo yasema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliyeona ni mmoja, na wajibu wake ni kunyamaza. Hapa aibu ya mwingine ni amana, na anayepimwa ni yule aliyeiona.

Soni ya Kiswahili ina ndugu yake katika lugha za Kiluyia, kama chisoni ya Kibukusu. Katika malezi ya kimila hutajwa sana katika uhusiano wa mtu na mama mkwe wake. Wawili hao wakikaribiana njiani, mmoja hupisha na kila mmoja huyaepusha macho. Hakuna kosa lililotendeka wala umati unaotazama. Kinachokwepwa ni kutazamana kwenyewe. Soni hii haiwezi kuitwa woga wa hadhira, kwa kuwa kazi yake ni kuiondoa hadhira. Ni heshima iliyokaa mwilini.

Mwanasosholojia Sakuta Keiichi alifikia hoja iliyo karibu na hii mwaka 1967. Alionyesha kuwa Benedict aliitazama haji ya hadharani tu, akaiacha ile ya faragha ambayo humpata mtu anapojipima kwa kipeo chake mwenyewe. Sakuta na bibi wa Kibukusu wangeelewana bila mkalimani wa kutoka New York.

5.0 Mtazamo Uliogeuzwa

Baadaye Mjapani naye alikuja kuwatazama watu wa upande huu. Matsuda Motoji wa Chuo Kikuu cha Kyoto aliwachunguza wahamiaji Wamaragoli jijini Nairobi, na mwaka 1998 akatoa kitabu Urbanisation from Below. Matsuda haorodheshi maadili. Anafuatilia jinsi watu wanavyoyatumia na kuyaunda upya mahusiano ya ukoo na kijiji ili kulimudu jiji. Kwake, thamani ya kijamii hujulikana katika matumizi, wala si katika kamusi ya sifa za taifa.

Udhaifu wake ni kuwa dhana yake ya ukinzani laini hupanuka kiasi cha kutishia kumeza kila tendo la maskini. Si kila anayemchangia mwenziwe anakinzana na dola. Wengine wanalipa deni tu. Hata hivyo, kosa la kuwakuza watu ni dogo kuliko la kuwafunga katika tabia moja.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukanushi kuwa Wajapani wana namna zao za kuona haya na kulipa wema. Unakanusha kwamba namna hizo zinaweza kupangwa chini ya dhamiri ya Magharibi kana kwamba ni ngazi ya kwanza ya kuelekea huko. Kwa mwanafunzi wa fasihi, jambo hili lina uzito wa pekee. Mhusika wa riwaya anayeinamisha uso mbele ya wazee husomwa mara nyingi kama mtu anayeogopa jamii, na anayeungama peke yake husifiwa kuwa na nafsi pana. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, msomaji hana budi kuuliza: je, mhusika huyu amepatwa na aibu, au ameona soni?