Gemu ya Handaki: Inaonea, au Haijaeleweka?

Vibanda vya gemu vya Kayanga na Omurushaka vinaishi kwa mpira: wawili mbele ya runinga, aliyefungwa anaachia pedi. Shattered Pixel Dungeon haina nafasi humo. Inachezwa na mtu mmoja kwenye simu yake, picha zake ni za vidoto vikubwa vya kizamani, na haina kelele ya kukusanya watu. Wanaoijaribu hugawanyika upesi. Wapo wanaoifuta siku hiyo hiyo wakisema inaonea, ni bahati nasibu tu. Wengine hukesha nayo na kuapa kwamba ni akili tupu. Ubishi huo unamalizwa na namna gemu yenyewe ilivyoundwa.

Asili yake ni Rogue ya mwaka 1980, iliyoanzishwa na wanafunzi wa California, Michael Toy na Glenn Wichman. Humo ndimo zilimotoka kanuni mbili: ramani inachorwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, unarudi mwanzo mikono mitupu. Mwaka 2012 Oleg Dolya, anayejulikana kama Watabou, alizileta kanuni hizo kwenye simu za Android kwa jina la Pixel Dungeon, kisha akaiachia programu yake wazi kwa yeyote. Evan Debenham akaichukua mwaka 2014, akaigeuza kuwa Shattered Pixel Dungeon, na mpaka leo anaikarabati.

Unashuka maeneo matano, kuanzia mifereji ya maji machafu, gereza, mapango, mji wa vibeti, hadi kumbi za mashetani. Kila eneo lina ngazi tano na jitu lake mwishoni. Njiani unaokota chupa za dawa na hati za uchawi, aina 12 kwa 12, bila kujua ipi ni ipi. Rangi za chupa huchanganywa upya kila mchezo: nyekundu iliyokuponya jana, leo inaweza kukuunguza. Hapo ndipo kilio cha "bahati" kinapoanzia, na siwalaumu.

Lakini nyuma ya pazia kuna daftari. Katika kila eneo gemu huhakikisha zinatoka hati tatu za kuboresha silaha na dawa mbili za nguvu. Ukifika chini kabisa, zimepita hati 15 na dawa 10, uwe na nyota njema au mbaya. Bahati inaamua utazikuta wapi na lini. Idadi imeshapangwa. Kwa kuwa hati za kuboresha ndizo zinazotoka kwa wingi, hati unayoiokota mara ya pili na ya tatu mapema ina uwezekano mkubwa wa kuwa ndiyo hiyo.

Kuna ufundi mwingine ninaoupenda zaidi. Ukikuta chumba kilichozibwa kwa mbao, ujue katika ngazi hiyo hiyo imewekwa dawa ya moto ya kuzichoma. Chumba kilichojaa maji na samaki wala watu huja na dawa ya kutoonekana. Chumba cha gesi ya sumu huja na dawa ya kusafisha hewa. Kwa hiyo mlango unakutambulisha chupa kabla hujainywa. Mchimba bati wa Kyerwa haoni madini yaliyo chini, ila anaujua mshipa wa jiwe jeupe unaoyabeba, naye huufuata huo. Mchezaji mzuri husoma vyumba kwa namna hiyo, na ndiyo maana wapo wanaowasha vikwazo vyote tisa vya hiari na bado wakashinda.

Tangu mwaka 2022 unaweza pia kuandika msimbo wa ramani ukapata handaki lile lile alilocheza mwenzako. Wawili wakipewa ramani moja, mmoja akafia kwa kaa wa ngazi ya tatu na mwingine akafika kwa vibeti, habari ya bahati inaisha.

Kosa la gemu, kwa maoni yangu, ni ubahili wa maelezo. Kuna kurasa za mwongozo unazookota njiani, ila hesabu niliyoitaja hapo juu haielezwi waziwazi, na mgeni huiona baada ya kufa mara nyingi. Waliofuta mapema walionewa kwa maana hiyo tu.

Kwa mazingira yetu imeumbika vizuri. Ni ya zamu: usipogusa, adui naye hasogei. Dereva wa bodaboda kijiweni Nkwenda anaweza kumpeleka abiria, akarudi akakuta panya yule yule amesimama pale pale. Toleo la Android ni la bure, halina matangazo, na ukishalipakua halihitaji bando. Ukianza, usizitunze chupa usizozijua hadi gerezani. Zijaribu huku juu kwenye mifereji, ukiwa na afya kamili na umesimama karibu na mlango.